Siku Niliyosoma Jina la Lugome Mbele ya Bibi

Aibu hii nimeishi nayo miaka mitatu sasa, na hata leo nikiisimulia naangalia chini, kwa hiyo anayetaka kucheka acheke mapema amalize.

Nafundisha sekondari Mikumi, na wakati ule nilikuwa nasoma shahada ya uzamili, naandika tasnifu kuhusu Kisagara, lugha ya kwetu. Kijitabu nilichokitegemea kilikuwa cha mwalimu wangu wa shule ya msingi, Mwalimu Yohana Lugome, aliyestaafu na sasa analima Mvumi. Nilikikosoa sura nzima (ndiyo, mtu aliyenishika mkono nikaandika herufi yangu ya kwanza), maana ndivyo wasomi tunavyofanya, na katika Kiingereza cha vyuo huandiki "Mwalimu" wala "Mzee", unaandika jina la ukoo tupu: Lugome anadai, Lugome hakuona, Lugome anakosea. Hakuna anayekasirika, maprofesa wenyewe huandikana hivyo.

Kilichobaki ni kupata madaftari manne ya Mwalimu ya maneno ya Kisagara, ambayo bila hayo tasnifu yangu ilikuwa na mifano ya kuokoteza. Akanipigia simu: "Njoo uyachukue, na uje na hiyo kazi yako utusomee."

Nikapanda bodaboda kutoka Kilosa mjini, nimevaa suti (na jua lile!), nikawakuta majirani wamekaa mkekani pamoja na Bibi, mama yake Mwalimu, mkongwe asiyejua Kiingereza. Nikawaamkia wote. Mwalimu akasema, "Soma kwa Kiswahili, mwanangu, mama naye asikie." Ningeweza kueleza kwa kifupi, kwa adabu, yakaisha, lakini nilitaka waone usomi, nikatafsiri sentensi moja moja kama zilivyo.

"Lugome anakosea," nikasoma. "Lugome hakuwasikiliza wasemaji vizuri. Madai ya Lugome hayana msingi."

Majirani wakatazamana. Nikadhani nimewakosha, nikaongeza sauti.

Sasa, Lugome ni jina la baba yake Mwalimu, mume wa Bibi, aliyefariki zamani, na nyumbani mle halitajwi bila "marehemu" mbele yake. Bibi mwenyewe halitamki kabisa, husema Baba Yohana. Nililijua hilo tangu utoto wangu.

Bibi akanyanyua mkono. "Mjukuu wangu, Baba Yohana alikukosea nini? Amekufa hata wewe hujazaliwa."

"Hapana Bibi, si marehemu!" nikaruka kujitetea. "Namsema Mwalimu, huyu hapa!"

Majirani wakaguna. Mmoja akauliza, "Kumbe mwalimu wako ndiye unamwita hivyo?" Nikaanza kueleza kanuni za vyuo, jasho linanichuruzika ndani ya suti, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kulitaja jina lile, Lugome hivi, Lugome vile, mpaka Bibi akajifunika kanga usoni, akainuka, akaingia ndani, tukamsikia analia.

"Hoja yako ni sahihi, nilikosea kweli," Mwalimu akasema taratibu. "Ila maneno yote ya kwenye madaftari yalitoka kinywani mwa mama. Siwezi kukupa bila ridhaa yake."

Akanisindikiza hadi barabarani, amenibebea begi, mtu wa umri ule, nami natamani ardhi ipasuke. "Mimi sina kinyongo," akaniambia. "Ila mama alikuwa ameshaacha kumlilia."

Wiki iliyofuata nilirudi kuomba radhi. Bibi aliitikia shikamoo yangu, akanikaribisha uji, madaftari hakuyagusia, nami nikaona haya kuyaomba. Tasnifu ilipita kwa kuchechemea, na nilistahili. Kwenye karatasi bado naandika kama chuo kinavyotaka, lakini nimeapa, mbele ya watu sitamtaja aliyenizidi umri kwa jina tupu tena.

Mwaka jana Bibi alifariki. Mwalimu akaniomba, kwa kuwa mimi ndiye msomi, nisome wasifu wake msibani. Nikamwomba ampe mwingine. Mimi nilichukua jembe, nikaenda kuungana na waliokuwa wanachimba kaburi.