Kishungi Nyuma ya Sikio la Kushoto

Teresa Awuor alikuwa amewatumikia walimu wakuu wanne, na kila mmoja alikuja na sehemu yake ya mwili wa msichana iliyomkosesha usingizi.

Wa kwanza alikuwa mtu wa magoti. Kila Jumatatu wasichana walipigishwa magoti uwanjani, na sketi ambayo pindo lake halikugusa ardhi ilirudishwa kwa fundi pamoja na mwenyewe. Wa pili aliona magoti hayana neno, tatizo ni soksi. Chini ya utawala wake soksi nyeupe zilishushwa cheo zikawa za kijivu, na alama za hesabu zikabaki palepale. Wa tatu aliamini sweta. Wasichana walivaa sweta mpaka kwenye jua la Januari, jua la Rangwe ambalo hata mbuzi hulikimbia, na siku mmoja wao alipozirai kwenye foleni ya chakula cha githeri ikasemekana amezirai kwa kukosa nidhamu.

Katika haya yote Teresa alikuwa matroni, na matroni ndiye mkono wa sheria. Hakuwa mwanamke mkali. Aliamini tu kwamba amri ya shule ni kama mvua: huiulizi imetoka wapi, unatega ndoo.

Wa nne, Madam Damaris, alikuja na nywele.

"Nywele ni usumbufu," alitangaza Alhamisi moja mbele ya shule nzima. "Msichana anayesuka hasomi, na anayesoma hasuki. Kuanzia leo mtindo ni mmoja. Kipara!"

Alisema hayo akiwa chini ya wigi la kahawia lililomfikia mabegani, ambalo kila alipogeuka lilichelewa kidogo, kisha likamfuata. Wigi hilo halikuwahi kupita mbele ya ukaguzi wowote.

Teresa aliitwa ofisini na kuambiwa amalize kazi kabla wasichana hawajaenda nyumbani kwa likizo fupi ya katikati ya muhula. Akajaribu kusema neno.

"Madam, kwa upande huu wetu, mtoto akionekana amenyolewa ghafla, wazee huwa..."

"Upande gani, Matroni? Chawa wana upande?"

Alichotaka kusema Teresa ni jambo ambalo kila mtu kutoka Rangwe hadi ziwani analijua bila kufundishwa: kwamba kwa Wajaluo, mtu wa nyumbani akishafariki na kuzikwa, waliobaki hunyolewa vichwa. Vijana wengi wameliacha, na kanisani wanasema ni mambo ya kale. Lakini macho ya wazee hayajaliacha. Madam Damaris alikuwa amefundisha Nairobi miaka mingi, na Nairobi mtu akinyoa kipara watu humuuliza kinyozi wake ni nani.

Basi Teresa akachukua mashine ya kunyolea, akaweka kiti nje ya bweni, na wasichana wakapanga foleni kama kondoo wanaojua kinachokuja.

"Matroni, nibakishie kidogo tu, ya ukumbusho."

"Ukumbuke masomo."

"Ata wewe! Si tutakaa kama mayai?"

"Mayai hayafeli mtihani. Inamisha kichwa."

Ni lazima niseme kwamba Teresa hakuwa kinyozi. Zamani mashine hiyohiyo ilimkwaruza sikio binti wa mjumbe wa bodi, sikio la kushoto, na tangu siku hiyo mkono wake ulikataa kabisa kufika hapo. Kila kichwa alichonyoa kilibaki na kishungi kidogo nyuma ya sikio la kushoto, mfano wa jani la mtama lililosahaulika shambani. Wasichana walikiita sahihi ya Matroni.

Katika foleni hiyo alikuwamo Lorine wa kidato cha pili, mtoto mpole aliyetoka kijijini kwa Teresa mwenyewe. Nywele zake zilikuwa zimesukwa mistari mizuri na bibi yake mwanzoni mwa muhula, kwa siku nzima, kwa maneno mengi.

"Dani atasema nini?" aliuliza Lorine. Dani ndilo jina alilomwita bibi.

"Atasema umekuwa msafi," Teresa alijibu, na mistari ya Dani ikaanguka chini.

Teresa mwenyewe hakunyolewa. Amri ilikuwa ya wanafunzi, na chini ya kitambaa chake kulikuwa na nywele ndefu nyeusi, zake halisi, ambazo hakuzitia kemikali wala kuzionyesha watu ovyo. Ndizo anasa yake. Anasa yake nyingine, kama kuimba ni anasa, ilikuwa sauti. Kijijini kwake mtu hakuwa amekufa rasmi mpaka Teresa aanze wimbo. Akina mama wa kanisa walikuwa na sare yao, rinda la buluu na kitambaa cheupe, na katika matanga yote ya kilima kile yeye ndiye aliyesimama mbele, akafumba macho, akatoa sauti ya kwanza. Hata waliokuwa na ugomvi na marehemu walilia.

Jumamosi alikuwa kwenye mkutano wa akina mama hao, wakijadili kama mshipi wa sare uwe mpana au mwembamba, wakati sauti iliposhuka kutoka kilimani.

"Uuuwi! Uuuwi!"

Mkutano ukafungwa bila sala. Njiani Teresa alikutana na Walter wa bodaboda, aliyekuwa akishuka mbio kuleta viti.

"Ni kwa Dani wa Lorine," Walter alisema. "Nicholas ametutoka. Shimo la dhahabu limemwangukia huko Masara."

"Maskini! Nani ameleta habari?"

"Watu wote, Mama Clifford," alijibu, akimwita Teresa kwa jina la mwanawe. " Hata mimi nimempigia rafiki yangu wa Masara, nimemwambia kwa kina Nicholas ni kilio."

Nicholas alikuwa baba yake Lorine, na mwana pekee wa Dani aliyebaki. Teresa alikaza mshipi, akatengeneza koo, akapanda.

Boma lilikuwa limejaa. Dani alikuwa ameketi chini, mikono kichwani, kanga imelegea. Vijana walikuwa wakimfukuza jogoo ambaye alishaelewa mambo yanaelekea wapi. Chini ya turubai la kuazima, Mzee Obare, ami yake Nicholas, alikuwa akieleza sheria.

"Kinachonisumbua ni kimoja," alisema. "Kunyoa hufuata mazishi. Sasa mtoto amenyolewaje kabla mwili haujaletwa?"

"Jaduong', mzee wetu, shimo lenyewe ndilo limemzika," akajibu mtu.

Mzee Obare alifikiri, akakubali. Hoja ikapita bila kupingwa.

"Simu yake mmejaribu?" Teresa aliuliza.

"Imezimwa. Tangu lini maiti akapokea simu?"

Neno lile la kunyolewa lilikuwa limeanza kumkuna Teresa mahali fulani ndani ya kifua. Akamwendea Dani, akainama.

"Pole, mama. Nani alikuletea habari?"

"Mtoto," Dani alisema kwa sauti iliyokauka. "Mtoto mwenyewe. Asubuhi nimeinua macho, namwona langoni, kichwa kitupu. Nilimtuma shule akiwa na nywele! Atanyolewaje kama baba yake yuko? Wamemnyoa, wakamleta kwangu bila kuniambia."

Lorine alikuwa amejikunyata mlangoni pa jiko, amekumbatia viatu vya baba yake vya mpira, vile vya kazi ya shimo ambavyo vilishatoboka na kuachwa nyumbani.

"Na wewe, nyathina, mwanangu, nani alikuambia?"

"Dani," Lorine alisema kwa kwikwi. "Nilipofika tu langoni alipiga kelele, 'Nicholas wangu!' Nikajua wamempigia simu."

Teresa alisimama pale. Bibi alipata habari kwa mjukuu, mjukuu akazipata kwa bibi, na kijiji kikazipata kwa wote wawili. Kisha Lorine akainamia viatu, na nyuma ya sikio lake la kushoto, kikitikisika kwa kila kwikwi, kukawa na kishungi.

"Mama Clifford!" Mzee Obare aliita. "Tuanzie wimbo. Watu wamechoka kulia bila mpangilio."

Akina mama wa kanisa walijipanga nyuma yake, buluu na nyeupe. Teresa alifumba macho kama kawaida. Alijua akisema, huo ndio mwisho wake: nani angempa tena nafasi ya kuanza wimbo mwanamke aliyeua mtu kwa mashine ya umeme? Na akiimba? Nicholas, kama yu hai, angerudi mwisho wa mwezi, watu wangesema ni muujiza, kanisa lingepata waumini wapya, na hakuna atakayeuliza kitu. Sauti ilikuwa tayari kooni. Wimbo ulikuwa mzuri.

Akasikia viatu vya mpira vikikwaruzana. Mtoto alikuwa akivifuta tope kwa sketi ya shule.

Teresa akafumbua macho.

"Kichwa hiki nilikinyoa mimi," alisema.

Mtu akamwambia jogoo anyamaze.

"Nilikinyoa jana, shuleni, kwa amri. Nimewanyoa wote. Hakuna aliyefiwa." Akamshika Lorine, akamgeuza kwa upole. "Tazameni hapa nyuma ya sikio. Ni mkono wangu huu. Na Beverly wa nyumba ya pili naye anacho. Beverly! Vua kitambaa."

Beverly, ambaye alikuja matangani akiwa amejifunga kitambaa kwa aibu, alivua. Kishungi kilikuwapo.

"Na wewe umefiwa na nani?" Mzee Obare akamuuliza.

"Hakuna, babu. Ni Prinsi tu, mwalimu mkuu wetu."

"Kwa hiyo Nicholas yu hai?" mwanamke mmoja aliuliza, na swali lile likafanya boma zima limtazame Teresa.

"Sijui kama yu hai," Teresa alisema. Sauti ile ya matanga ilikuwa imekwenda zake. "Najua tu kichwa hiki hakisemi amekufa."

Hawakuwa wamemaliza kuamua wamkasirikie vipi, pikipiki ilipopanda kilima kwa ghadhabu, na kabla haijasimama mtu akaruka, mwekundu kwa vumbi la shimo kutoka kichwani hadi miguuni, akaingia langoni mbio akilia kama mwanamume wa Kijaluo anavyowalilia wafu wake.

"Mama! Mama yangu! Uuuwi!"

Watu walitawanyika. Wa kwanza kufika kwenye migomba alikuwa Mzee Obare, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akilalamika kuhusu goti. Yule aliyeshika jogoo alimwachia. Dani peke yake hakukimbia. Alimtazama mwanawe aliyekufa akimlilia.

"Nicholas?"

"Mama! Si umekufa?"

"Nife, na wewe umekufa, nani atanizika?"

Nicholas alieleza baadaye. Alikuwa ametoka shimoni, wenzake wakamwambia kwao kuna kilio, na katika boma lile nani mwingine wa kufa isipokuwa mama yake? Hakusubiri simu ipate chaji. Wakati huo, hata hivyo, hakueleza chochote, maana Lorine alikuwa amemrukia, viatu na vyote, na vumbi jekundu lilikuwa limehamia kwenye kipara.

Kicheko kilianza upande wa migomba. Lakini Dani hakucheka. Alifunga kanga yake, akanyanyuka, akaomba kigoda na wembe.

"Kilio kikishatoka mdomoni hakirudishwi," alisema. "Na kichwa cha mtoto kimenyolewa bila maiti. Hakiwezi kubaki hivyo peke yake. Mama Clifford, kaa hapa."

Teresa alikaa. Akavua kitambaa cheupe cha sare, na akina mama wa kanisa, waliomjua miaka mingi, wakaziona nywele zake kwa mara ya kwanza. Mmoja alisema "Wui!" kwa wivu wa wazi.

Dani alinyoa polepole, kwa maji na sabuni ya kipande. Nywele zilianguka juu ya rinda la buluu. Alipofika nyuma ya sikio la kushoto akasimamisha wembe.

"Hapa nitakuachia," alisema. "Ujue na wewe wasichana walivyojisikia."

"Asante, mama."

"Uliogopa kusema?"

"Niliogopa. Nilijua hamtanipa tena wimbo."

Dani aliupangusa wembe kwenye kanga. "Nani mwingine anajua kuuanzia juu namna hiyo? Yule Mellen wa kanisani kwenu anaanza kama mbuzi aliyebanwa mlangoni. Siku yangu ikifika, utaanza wewe. Ila hiyo mashine iache shuleni."

Jogoo, baada ya kushauriana, alichinjwa vilevile, maana viti vilishaletwa.

Wasichana waliporudi shuleni, Teresa alisimama mahali pake mstarini, bila kitambaa. Jua lilimpiga kichwani kama lilivyowapiga wengine. Madam Damaris alikuja akikagua, akamfikia, akasita. Uso wake ukalegea kwa huruma ya kweli.

"Jamani, Matroni. Pole sana. Umefiwa na nani?"

Mstari mzima ukageuka kutazama.

"Sijafiwa, Madam," Teresa alisema. "Nywele ni usumbufu."

Mkono wa Madam ukapanda, ukashika wigi pale lilipokutana na paji la uso, ukashuka. Nyuma yake wasichana walikuwa wakiinama mmoja baada ya mwingine, wakinyoosha shingo kuchungulia nyuma ya sikio la Matroni, na Lorine, aliyekuwa wa kwanza kukiona, alikuwa amejiziba mdomo kwa mikono miwili.

Habari za nywele hazikutajwa tena muhula ule. Wiki iliyofuata Madam alianza kuongea juu ya viatu.