Mahindi ya Mama Wawili

Nilipoolewa karibu na Birongo, mamangu wa Nyamira alinifungia mbegu zake kwenye leso: mahindi ya manjano, punje fupi, ngumu kama kokoto. Mama mkwe wangu alizimimina kiganjani, akazitazama.

"Hapa tunapanda meupe, mwanangu," akasema kwa upole. Hata hivyo alinikatia kipande kando ya migomba nipande yangu.

Kila mmoja alitunza mbegu zake, tukizining'iniza juu ya meko zipate moshi. Lakini upepo ulibeba unga wa maua kutoka kwangu hadi kwake, na miaka ilivyopita, nilipomenya mahindi yake nikaona punje za manjano zimetawanyika katikati ya nyeupe. Niliogopa. Mbegu ile aliachiwa na mama mkwe wake. Yeye aliligeuzageuza gunzi, akacheka.

"Upepo haubishi hodi," akasema, akaliweka upande wa mbegu.

Kisha mamangu akafariki. Ndugu zangu walikuwa wameshahamia mbegu za dukani, na leso ile ilikuwa imechakaa zamani.

Juzijuzi watafiti walipita wakikusanya mahindi ya kienyeji. Dada mmoja alipima magunzi yetu, akahesabu mistari ya punje, akachuma majani machanga ili wakachunguze vinasaba, ile asili inayomfanya mtoto afanane na wazazi. Aliporudi alituonyesha mchoro kama wa ukoo, wenye matawi. Mahindi yangu na ya mama mkwe yalikaa tawi moja.

"Yameoana," akatueleza. "Kuyatenga sasa ni vigumu."

Mama mkwe aliusogelea mchoro. "Kwa hiyo ya marehemu mama yake huyu yamo ndani ya haya yangu?"

"Yamo, mama."

Akanishika mkono, akaubana. Macho yangu yalijaa machozi mbele ya mgeni, wala sikuyafuta.

Mvua za masika zilipoanza, hatukugawa shamba. Tuliketi kibarazani tukapukusa pamoja, tukichukua punje za katikati ya gunzi tu, zile pana, nami nikimchagulia kwa kuwa macho yake yamefifia. Sasa mahindi yamefika magotini. Kila asubuhi mama mkwe huenda kuyatazama na mkongojo wake, kisha hurudi sketi imelowa umande, aniambie yanaendeleaje.