Karatasi za Mwisho za Babu

Niliambiwa nifagie chumba cha Babu kwa sababu wageni walikuwa wanakuja kwenye misa ya kumkumbuka Bibi. Chini ya kitanda nikakuta bahasha nyeusi, nzito. Nikaipeleka dirishani, nikaifungua. Karatasi tupu tu, nyeupe, zinateleza. Nilitaka hata kuchukua moja nijaladie daftari la Bailojia. Nikazirudisha.

Kesho yake Babu akaniita stoo, alikokuwa akisafishia picha zamani, alipokuwa mpiga picha wa kata nzima ya Ndama. Alikuwa ameziba dirisha kwa blanketi na kuwasha taa yake nyekundu.

"Njoo uone Bibi yako anavyotoka."

Alikuwa na negativu moja, kipande cha filamu ya zamani: Bibi anaanika kahawa, anacheka, mwanya wote nje. Akaivuta ile bahasha. "Hizi ndizo za mwisho. Nimemtunzia yeye. Hazijawahi kuona mwanga hata kidogo; zikiuona tu, zimeharibika."

Nikalikumbuka lile dirisha la chumbani.

Akamulika karatasi kupitia ile negativu, akaizamisha karatasi kwenye trei ya dawa, akaitikisa taratibu. Nilipokuwa mdogo niliona watu wakitokea hivyo, kwanza nywele, halafu macho, shavu mwishoni. Safari hii karatasi ilianza kuwa kijivu, ikawa nyeusi yote. Ya pili nyeusi. Ya tatu. Akazimaliza zote.

"Mikono imesahau," alisema, akazima taa. "Nimezeeka, mjukuu wangu."

Ningesema pale pale. Kulikuwa na giza, asingeniona hata uso. Badala yake nikamwomba ile negativu.

Nikaipeleka studio ya picha mjini Kayanga. Mlango wa studio ulikuwa wazi, jua limejaa ndani, na hakuna kilichoharibika. Kijana wa pale akaipiga negativu kwa simu, akabonyezabonyeza kompyuta, mashine ikamtoa Bibi kabla sijamaliza soda.

"Nimemrembesha! Huyu sasa hata posa inakuja," akacheka.

Picha ilikuwa safi kuliko zote za Babu, siwezi kudanganya. Ila Bibi alikuwa mweupe, ngozi kama ya mwanasesere, na mwanya umezibwa.

Babu aliishika mbali na macho. "Huyu ni nani?"

"Bibi."

"Aa. Basi mkaribisheni."

Siku ya misa picha ilikaa mezani, wageni wakaisifu sana. Babu hakuiangalia tena.

Leo nimemkuta uani anachanganya pumba za kuku kwenye ile trei ya dawa. Ameisugua mpaka inang'aa. Nikapiga goti. "Shikamoo Babu."

"Marahaba."

"Babu, zile karatasi..."

"Karatasi hazikuwa na kosa," alisema bila kuinua kichwa. "Ni mimi."

Akaninyooshea trei niwapelekee kuku. Nikaipokea kwa mikono miwili.