Neno Nililolisema Mlangoni

Ilianza Jumapili, tarehe 16 Agosti 1998, saa tisa na robo alasiri, kwa neno moja nililolisema mimi.

Baba alikuwa chumbani, usingizini. Alikuwa na kansa ya mapafu. Tangu ilipogunduliwa hakurudi tena kwenye ghala la Mobeni, eneo la viwanda, alikokuwa akipakia mizigo. Mama alikuwa kwenye meza yake ya vitenge mjini. Jirani yetu wa chini, mwanamke wa Tanga, akapiga hodi, amekuja kumjulia hali mgonjwa. Mimi nina haya na watu, kwa hiyo nilifungua mlango kiasi cha mnyororo tu, nikasema, "Baba amepumzika."

Nilimaanisha amelala. Kiswahili changu ni cha nyumbani. Shuleni ni Kiingereza na Kizulu. Sikujua kwamba kwa watu wa umri wake neno hilo, likisemwa juu ya mgonjwa wa kansa, linamaanisha amekufa. Alishika kifua, akasema inna lillahi, akateremka ngazi. Nikarudishia mlango, nikaendelea na hesabu zangu.

Muda si mrefu wakaja wanawake wamejitanda khanga, wengine na sukari, mmoja na mchele. Mkongomani wa saluni alileta viti vya plastiki, akaniuliza kwa upole, "Mwili iko wapi?" Nikatikisa kichwa. Nikasema hapana, hajafa, lakini sauti yangu hata darasani haifiki dawati la pili. Walidhani ni majonzi. Mmoja akanikumbatia, uso wangu ukazama kwenye khanga yenye harufu ya vitunguu, na maneno yakaishia humo.

Wakakaa, wakaanza kuzungumza. Kwamba alikuwa mtu mzuri. Kwamba lazima alikuwa anavuta kwa siri, kansa ya mapafu haiji bure. Kwamba mama angemrudisha nchini kwao mapema. Hayakuwa maneno mapya. Walikuwa wakimuuliza mama mambo hayo baba akiwa amekaa palepale: anakula? analala? alikuwa anavuta? Kama vile wanauliza habari za kabati.

Kisha mlango wa chumbani ukafunguka, baba akasimama pale na fulana na kikoi. Wa Tanga alipiga yowe. Mkongomani alisema "eish" taratibu, akaketi kwenye kiti chake mwenyewe.

Baba alishika fremu ya mlango mpaka pumzi ikamrudia. Hakuonekana kukasirika.

"Sijavuta hata moja," alisema. "Na ningevuta, mngeniletea sukari pungufu?"

Wa Tanga akajikohoza. "Basi shemeji, unajisikiaje?"

Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia mtu akimuuliza yeye. Akajibu kwa vipande, na kila alipokatika walisubiri. Alisema maumivu yapo, ila kinachomchosha zaidi ni kuambiwa pumzika kila akiinuka. Zamani alikuwa akinisindikiza asubuhi mpaka zinaposimama taxi, yale mabasi madogo ya abiria. Mama na majirani walimkataza, asije akaanguka njiani. Alisema asubuhi zake hazikubaki nyingi, na hataki kuzimalizia kitandani. Alilisema hilo kama mtu anayetaja bei ya mkate.

"Kesho namsindikiza mwanangu," alisema. "Na sukari si yangu? Nipikieni chai."

Wakapika. Walikunywa wote, na aliyeleta mchele hakuurudisha nyumbani.

Mama aliporudi alikuta viti vya plastiki hadi kwenye korido, akaangusha mzigo wa vitenge. Ikabidi baba atoke tena, aonekane. Baadaye walibishana juu ya kesho. Mama alisema hapana, akasema tena hapana, kisha akaenda kumtafutia sweta.

Kabla sijalala baba aliniita. "Mtu akiniulizia, usiseme nimepumzika. Wala usiseme nimelala, nalo lilelile. Sema yupo."

Asubuhi nilimpa begi langu alibebe wakati wa kuteremka ngazi, kwa sababu alilitaka, kisha nikalichukua. Nilitembea kwa mwendo wake. Wa Tanga alikuwa anafagia mbele ya mlango wake. Akamsalimia baba, si mimi. Kwenye robot, zile taa za barabarani, tulisimama, ikawaka kijani, tukaendelea kusimama. Sikumuuliza kama amechoka. Taxi ya shule ikaja inapiga honi, dereva akinitazama. Baba alikuwa katikati ya habari, anatafuta pumzi ya kuimalizia. Sikuinua kidole kuisimamisha. Ikapita.