Diodi ya Televisheni ya Mama Mkwe

Watu walimwita Mama Laini, ingawa viganja vyake vilikuwa na sugu. Jina hilo alilipata kwenye ofisi ya simu, alikounganisha laini za watu kwa miaka ishirini na minane. Alipostaafu, chumba cha wageni kikajaa televisheni za zamani, zile za makabati ya mbao. Mumewe alilalamika siku mbili, akachoka, akaanza kutundika kofia zake humo.

Asubuhi moja wifi yake, mshonaji asiyejua kunong'ona, aliingia akihema, yeye na dereva wa teksi wakiwa wamebeba televisheni ya marehemu mama mkwe.

"Wifi, ifufue hii! Kanda ya harusi yangu ninayo mkobani. Nataka niitazame humu humu, alimoitazamia mama!"

Mama Laini aliiwasha. Picha ilikuja ikiyumba, na baada ya nusu saa mbao zilikuwa zinachoma kama pasi.

"Mama yenu alikuwa anatazama au anapika?"

Alifungua mgongo wa kabati. Mchawi alikuwa taa moja nene ya kioo, ile ya kunyoosha umeme wa ukutani, iliyowaka kama kaa la moto. Aliing'oa, akachomelea mahali pake diodi, kidude kidogo cha kisasa cha kazi ileile.

Wifi akakodoa macho. "Haka kapunje ndiko kanachukua nafasi ya lile lijitu?"

"Subiri uone."

Kweli wakaona. Alipoiwasha, punde picha iliruka, iking'aa, ikavimba, kisha pwa! Fyuzi ikakatika. Wifi alikuwa ameshapanda juu ya kochi na viatu vyake.

"Tumeiua!"

Mama Laini alicheka mpaka akakaa sakafuni. Halafu akajipiga kofi kwenye paji la uso.

"Mjinga ni mimi! Lile lijitu lilikuwa linatafuna umeme kidogo kabla ya kuupitisha. Haka kanaupitisha wote, hata hakaonji!"

Alichomoa waya ukutani, akasubiri umeme uliojificha ndani uishe, akapima kwa mita mara tatu. Kisha akaongeza rezista ya kupunguza nguvu. Lakini rezista nayo huchemka, na joto lilikuwa ndilo adui. Akaenda jikoni, akarudi na mfuniko wa sufuria, akaukata kwa mkasi wa bati, akaufunga nyuma ya kabati, nje kabisa, na rezista juu yake ili joto liishie hewani.

"Sasa kaka yangu atapikiwaje?"

"Atakula mkate."

Fyuzi mpya. Wifi alishika mlango, tayari kukimbia. Picha ikatulia tuli. Wakaunganisha deki, wakatia kanda, na mama mkwe akatokea akicheza na kiatu kimoja mkononi, akimfukuza mpiga picha. Wifi akapiga kigelegele kilichotikisa vioo vya dirisha.

Saa mbili zilipita. Mama Laini aliweka kiganja juu ya kabati: vuguvugu tu, kama shavu la mtoto. Aliruka kama msichana, akamshika wifi mikono, wakazunguka hadi wakagonga meza.

Mumewe akaja mbio kuuliza kuna nini. Akajiona kwenye kioo cha televisheni, mwembamba, ndani ya suti ya kuazima, akikosea kiti na kuangukia makalio mbele ya wageni wote.

"Huyo si mimi!"

"Rudisha nyuma!" wanawake wakapiga kelele pamoja. "Rudisha!"