Minazi kwenye Sanda ya Hemedi

Waliomwosha shemeji yangu Hemedi waliona minazi myekundu kwenye sanda yake, na kabla ya hitima habari ilikwisha kufika Kilindoni: nyumba ya Saburi imemzika mtu wao kwa masalio ya mashati. Mimi ni mjane wa Saburi. Bafta nyeupe ilikuwapo, na ya kutosha. Naandika ili ijulikane kwa nini haikutumika peke yake.

Hemedi, mdogo wake mume wangu, alikuwa mchapaji wa nguo hapa Baleni. Alichonga vibao vya mfenesi, akachemsha magome ya mkandaa yatoe rangi nyekundu, akaifanya nzito kwa uwanga wa muhogo, kisha akagonga kibao juu ya kitambaa. Mwisho aliilowesha nguo katika maji ya bahari.

"Rangi yangu haitoki mpaka nguo ichanike," alijigamba.

Mwaka tulipokusanywa katika kijiji cha Ujamaa, wageni wa serikali walitarajiwa, na vijana wa ngoma wakataka mashati yenye mnazi. Duka la ushirika halikuwa na kitambaa. Hemedi akamwendea shangazi yake, Bi Mwanamkuu, aliyemlea tangu mama yake alipofariki. Kama wazee wengi, bibi huyo alikuwa ameweka sanda yake mwenyewe sandukuni.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Leo umeniamkia kwa adabu. Unataka nini?"

"Bafta yako. Nguo zikifika dukani nakurudishia."

"Na nikifa kabla?"

"Wewe? Wewe utatuzika sote."

"Mjinga wee! Haya, chukua. Ila usije ukanipeleka kwa Mola wangu na shati la ngoma."

Wakacheka wote wawili. Mimi nilikuwapo nikiwamenyea muhogo.

Nguo ilikuwa kwenye kamba, imekwisha chapwa na haijashonwa, homa ilipomchukua Bi Mwanamkuu. Alifariki alfajiri. Hemedi aliivuta ile bafta kambani, akaifikicha kwa sabuni, kwa majivu, kwa ndimu, mpaka ngozi ya vidole ikachubuka. Minazi ilizidi kung'aa.

"Acha, Hemedi," mume wangu alimwambia.

"Itatoka, kaka."

"Si wewe unayesema haitoki?"

Jirani yetu Mize aliingia uani na kifurushi chini ya kanga. Ilikuwa sanda yake mwenyewe. "Shoga yangu hatangoja kamba ya nguo," akasema, akapita ndani. Bi Mwanamkuu alizikwa katika nguo nyeupe, kwa taratibu zote. Asiseme mtu vinginevyo.

Nguo zilipofika dukani, Hemedi alimpelekea Mize bafta mpya, na Mize akamkaribisha chakula. Hakuna aliyemlaumu. Yeye alivitia vibao vyake motoni, akaenda kukausha mbata. Ile nguo ya minazi aliifungia sandukuni. Vijana walimwomba mara nyingi achape tena, akawa anawaambia mkono unamuuma.

Nilimwambia, "Shemeji, sanda ilipatikana. Ulishaomba radhi."

"Kwa nani? Mwenye nguo alikuwa amekwisha kufumba macho."

Saburi alipotangulia, nyumba ilibaki mikononi mwangu, na maradhi ya Hemedi pia. Siku moja alinionyesha sanduku. "Mtanivika ile."

Nilikataa. Nilimwambia watu watatusema. Mwishowe nikamwita Mwalimu Shamte wa msikitini.

"Ni safi?" Mwalimu aliuliza.

"Nimeifua mwenyewe," Hemedi akajibu.

"Mti hauna roho, si sanamu. Haikatazwi. Lakini nyeupe ni bora, na maneno hayatakosekana."

"Nampelekea shangazi nguo yake, Mwalimu. Nimekaa nayo mno."

Basi alipofariki, nilitoa vipande viwili vyeupe katika sanduku langu mwenyewe, na kile chake kikawa cha tatu, cha ndani kabisa, kilichogusa mwili. Waosha hawakusema uongo. Minazi ilikuwa myekundu vilevile kama siku alipoichapa.