Simu Iliyofunguliwa Jumanne na Ijumaa

Kwanza niseme: majina sitaji. Si kwa kuogopa. Garissa ni ndogo, na hawa watu bado tunakutana sokoni tunaulizana habari za watoto. Lakini kila mmoja nitasema alifanya nini, na akisomewa atajijua. Shule niliacha darasa la nne, kwa hiyo mkiona neno limekaa upande, lisogezeni wenyewe.

Mkosaji mkubwa ni kaka yangu. Yeye na ile simu yake.

Wakati ule nilikuwa mjane wa mwaka mmoja na kitu. Mafuriko ya El Niño yalitukuta upande wa Masalani. Maji yalichukua ng'ombe, na homa iliyokuja nyuma ya maji ikamchukua mume wangu. Nilitoka pale na watoto wawili, sufuria moja na mkeka uliooza. Msinihurumie. Waliotuhurumia siku zile walitupa maharagwe ambayo hata leo hayajaiva. Nilifika Garissa nikaanza kuuza maziwa ya ngamia, na hapo ndipo mwanamume mmoja wa Habaswein akaanza kununua kwangu kila akileta mifugo mjini. Mtu mwenye ngamia wake mwenyewe, lori zima, ananunua maziwa kwa kikombe! Nikajua huyu kiu yake si ya maziwa. Sikumfukuza.

Tukakubaliana. Sasa mwanamke wa kwetu, hata akiwa mjane, haolewi bila walii, na baba yangu alishatangulia. Walii aliyebaki ni huyo kaka, yuko Eastleigh, Nairobi, anauza vitambaa. Nilihitaji neno lake moja tu, kwamba ameridhika na amempa sheikh uwakili wa kunioza. Neno moja.

Na kusema kweli siku zile kuongea na Nairobi haikuwa shida. Tulikuwa na redio kol, sisi tunaiita taar. Chumba kimoja nyuma ya kinu cha kusaga, waya mrefu juu ya nguzo, betri ya lori chini ya meza, na mwendeshaji amekaa mbele yake kama rubani. Siku zetu zilikuwa Jumanne na Ijumaa baada ya alasiri. Wa Nairobi wanakusanyika kwenye taar ya huko, sisi kwenye ya huku. Unasema lako, unamaliza na "ova", unaachia kitufe, mwenzako anajibu. Ukiingilia kabla ya ova hamsikilizani. Na jina hutaji, kwa sababu kutoka Mandera mpaka Kotile kila mwenye mashine anasikiliza. Kila familia ina jina lake la hewani. Sisi tulikuwa Mkebe Tatu. Aliyetupa jina hilo ni yule mwendeshaji, na hilo nalo namwandikia.

Basi Ijumaa moja nikaenda taar na jambo langu, nimejifunga vizuri, nimejipaka hina. Sauti ya kaka ikatoka.

"Mkebe Tatu, Mkebe Tatu, leo ndiyo mara ya mwisho mnanisikia hapa. Nimenunua simu ya mkononi. Mambo ya kusimama foleni ya taar yamekwisha. Andikeni namba. Ova."

Akasoma namba, na nina hakika nusu ya mkoa iliandika.

Nikasema, "Walaal, kaka yangu, hongera. Mimi nimekuja na jambo la ndoa. Ova."

"Abaayo, dada yangu, hayo si ya kuongea mbele za watu. Nipigie kwa simu. Ova."

Kabla sijajibu, sauti ya mtu nisiyemjua ikaingia kutoka mbali huko, pengine Mandera: "Mkebe Tatu, hebu ongeeni tu, sisi tunasikiliza. Ova."

Kaka alikuwa ameshaondoka.

Mjini simu za waya zilikuwa chache. Moja ilikuwa katika duka la hadiwea, na mwenye duka alikuwa rafiki wa mchumba wangu. Simu yenyewe ilifungwa kufuli dogo kwenye tundu la kuzungushia namba, na ufunguo aliuvaa shingoni kama hirizi. Nilimsihi Jumamosi akanipigia. Hakuna. Jumapili, hakuna. Jumatatu akaniambia, "Mama, kaka yako amenunua simu au amenunua picha ya simu?"

Jumanne asubuhi akashuka mtu kwenye basi kutoka Nairobi, jirani wa kaka dukani. Nikamuuliza, ile simu imeharibika?

"Haijaharibika. Imekaa kwenye boksi lake, ndani ya nailoni, ndani ya kabati. Anaitoa Jumanne na Ijumaa, baada ya alasiri."

"Kwa nini siku hizo tu?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini Ramadhani inakuja Ramadhani. "Si ndiyo siku za kuongea?"

Nikakaa chini hapo hapo kwenye gunia la mtu. Fikiri wewe. Mtu ametupa taar kwa sababu ina siku mbili, amenunua chombo cha kuongea siku zote, halafu anakifungua siku zile zile mbili, saa zile zile. Na Jumanne hiyo mwenye hadiwea alikuwa amekwenda mazishini na ufunguo shingoni.

Ikabaki Ijumaa. Na Ijumaa hiyo ndiyo mchumba wangu alikuwa anaondoka. Mvua zilikuwa zimeanza huko kwao, ngamia wanafuata majani, na mwenye ngamia anafuata ngamia. Angerudi baada ya miezi minne, au mitano. Lori lake lilipaswa kupita kizuizi kabla ya saa kumi na moja, lilale na msafara upande wa pili, maana barabara ile hakuna aliyeipita bila askari. Kwa hiyo tulikuwa na nafasi kama ya mtu anayepika chai: kutoka alasiri mpaka saa kumi na moja. Kaka aseme neno lake, sheikh anioze, nipande lori na watoto wangu na sufuria yangu.

Mkosaji wa pili ni sheikh. Mtu mwema, na wema wake ndio ulionichoma. Alisema lazima mashahidi wawili wasikie kwa masikio yao walii akimtaja dada yake kwa jina na kutoa uwakili. Tukaingia hadiwea baada ya sala: sheikh, fundi cherehani ambaye ni shahidi wa kwanza, mwenye duka shahidi wa pili, na mchumba wangu. Mimi nikasimama mlangoni, kati ya saruji na misumari, na buibui jipya linageuka la kijivu. Nje lori linanguruma.

Mwenye duka akavua ufunguo, akafungua kufuli, akazungusha namba. Ikalia. Ikashikwa. Akampa sheikh mkono wa simu.

"Asalaam aleikum," akasema sheikh.

Kimya.

"Asalaam aleikum!"

Kimya. Sheikh akamrudishia. "Imekufa hii."

Mwenye duka akasikiliza. "Haijafa. Kuna mtu anapumua."

Mimi nikaelewa palepale. Kaka anasubiri.

"Sheekh," nikasema kutoka mlangoni, "sema ova."

"Niseme nini?"

"Ova. Bila ova hatajibu. Ndivyo alivyozoea."

Lazima mjue sheikh hakuwahi kuingia taar hata siku moja. Alisema pale ndipo watu wanapovuliwa nguo. Akanigeukia taratibu. "Dada yangu, salamu ya Kiislamu haina mkia."

Akaipeleka tena sikioni, akatoa salamu ndefu zaidi, na rehema na baraka zote. Yeye anasubiri jibu, kaka Nairobi anasubiri ova, na lori linasubiri wote wawili. Fundi cherehani akanong'ona, "Watazeeka hawa."

Mwenye duka akashindwa kuvumilia, akajipenyeza mdomo karibu na chombo: "OVA!"

Sauti ya kaka ikatoka kama mtu anaita ngamia ng'ambo ya bonde, tukaisikia sote. "WAALEIKUM SALAAM WARAHMATULLAHI! HAPA NI MKEBE TATU NAIROBI, NAWAPATA VIZURI SANA. OVA!"

"Mkebe gani?" akauliza sheikh. Kisha akameza mate, na kwa sauti ndogo, kama mtu anayekula kitu asichokijua: "Ova."

"Mkebe Tatu! Ova!"

"Mimi nataka jina lako, la baba yako na la dada yako. Siwezi kuoza mkebe. Ova."

"Sheekh, majina hayasemwi hewani. Ova."

"Hii si hewani, ndugu yangu, hii ni waya. Ova."

"Kwenu ni waya. Kwangu ni hewani. Ova."

Na hapo, wallahi, sheikh akaufuata ule waya kwa macho mpaka ukutani. Fundi akacheka mpaka akashika nondo. Mchumba wangu hakucheka. Alikuwa anatazama kivuli cha lori kinavyorefuka.

Wakabishana, ova kwa ova, mpaka kaka akakubali kutaja majina. Lakini akakubali kwa masharti ya taar: atayanong'ona, ili watu wa Mandera wasisikie. Fundi akapewa simu. Akaziba sikio la pili, akakunja uso, akasema, "Naam... naam... anasema dada yangu fulani binti fulani..." halafu, kwa haraka ya mtu mwaminifu, akamkabidhi mwenye duka ili naye asikie. Mwenye duka akasikiliza. Akakaa. Akaondoa simu sikioni.

"Umesikia nini?" akauliza sheikh.

"Nimesikia ova."

"Na kabla ya ova?"

"Kabla ya ova simu ilikuwa kwa fundi."

Sheikh akamwomba kaka arudie. Wakati huu wakaanza na mwenye duka. Akasikia jina langu, akasikia la baba, na fundi akapewa sehemu ya uwakili, ila kaka alikuwa amekohoa akaanza upya, kwa hiyo fundi naye akapata jina tu, kwa mara ya pili. Sasa tulikuwa na mashahidi wawili wanaojua vizuri ninaitwa nani. Hilo hata wateja wangu wa maziwa walilijua.

Nikamwambia sheikh, "Mpe nani asikie yote? Nipe mimi niwaambie alichosema."

"Bibi harusi hajibebei neno la walii wake mwenyewe."

Kaka akawaka, tukamsikia tena bila kuomba. "Nimesema mara tatu! Kwenye taar watu wote wangesikia mara moja! Nyinyi mna kitu gani huko? Na betri yangu inaisha. Ov..."

Ikaisha. Hata ova hakuimaliza. Sheikh alisimama na ile simu, anasubiri kwa adabu, maana kwa mara ya kwanza alikuwa amejifunza.

Lori likapiga honi. Mchumba wangu akaja mlangoni. Hakunishika mkono, hatukuwa tumefika huko. Akasema, "Wakirudi ngamia, nitarudi."

"Ngamia nawajua," nikasema. "Wewe ndiye nisiyekujua."

Akapanda. Nilitazama vumbi mpaka likatua. Nyumbani wali wa harusi ulikuwa tayari, tukala na majirani kama watu wa matanga.

Jumapili nani anashuka kwenye basi? Kaka. Watu wa taar walikuwa wamemfikishia kwamba simu yake imevunja ndoa, na yeye akaja kuitetea. Si kunitetea mimi, kuitetea simu. Alikuja nayo mkononi, nene kama kipande cha sabuni, na kapembe kake juu. Garissa haikushika kitu. Akaipeleka mtoni, haikushika. Akapanda paa la hadiwea mbele ya soko zima, ameinua mkono, na watu chini wanamuuliza, "Warya, wewe, kuna habari gani huko juu?"

"Bado!" anajibu.

Mimi nilikaa nikamtazama pale juu, na hasira yangu ikageuka hesabu rahisi. Walii ninaye. Ana miguu. Ana mdomo. Kwa nini nibebe neno lake wakati naweza kumbeba mwenyewe?

"Shuka," nikamwambia. "Tunakwenda Habaswein."

Jumatatu alfajiri tulipanda lori la unga, mimi, watoto, kaka, na askari wawili mbele. Alikaa juu ya magunia ameinua ile simu njia nzima. Kila kijiji nasikia, "Bado." Mkono ukichoka anabadilisha. Jua likampiga, vumbi likamfanya mzee, akaomba maji, nikampa baada ya watoto.

Tulimkuta mchumba wangu kwenye zizi, nje kidogo ya mji, anawapaka ngamia dawa ya upele, mikono yote myeusi mpaka kwenye viwiko. Alikuwa bado hajaondoka na kundi. Alipotuona alisimama tu na kopo lake. Mimi nikasema, "Nimekuletea walii. Mtumie haraka kabla hajaharibika."

Akacheka, mara ya kwanza tangu tujuane, akakimbia kunawa. Wakamwita sheikh wa pale, mzee asiyependa maneno. Nikakaa na wanawake upande wa pili wa ua la miba, nasikia kila kitu.

"Walii, lete mkono wa kulia."

Nikasikia kaka anasogea.

"Hicho nini?"

"Simu, sheekh."

"Weka chini."

"Huenda ikalia, sheekh."

"Ikilia tutasikia wote. Weka chini, mshike mwenzako mkono."

Akaweka. Mashahidi walikuwa wachunga ngamia wawili na fimbo zao. Haikuchukua muda wa kukamua mbuzi.

Mume wangu akaja akaniuliza kama nimekula. Nikamwambia tangu jana sijatia kitu mdomoni, na mkosaji ni yule pale, anayepangusa vumbi kwenye simu. Wakachinja mbuzi kwa ajili ya harusi. Kaka yangu alikula maini yote.